Kadi ya Laki Tatu



Katika habari hii tunasema "sisi" kwa sababu tulikuwa sita, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kujitoa. Sisi ni mafrateri wa mwaka wa tatu wa falsafa, wengi wetu tuna miaka 25, umri ambao mtu hudhani ameshajua kuzungumza na watu. Likizo ndefu ya mwaka jana tulipelekwa utume katika parokia moja ya Arusha. Tulifundisha watoto wa kipaimara, tulitembelea wagonjwa, tulibeba matofali ya ukuta wa kigango, na jioni tulisali na jumuiya ndogo ndogo. Mwisho wa Agosti, Jumapili ya kutuaga, jumuiya mojawapo ilituita mbele baada ya Misa na kutukabidhi bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi ngumu ya plastiki, inayofanana na ya benki, imefungwa utepe mwekundu. Ilikuwa kadi ya zawadi ya supamaketi moja kubwa ya pale mjini, yenye thamani ya shilingi 300,000.

Mama mwekahazina wa jumuiya ndiye aliyeeleza kwa nini wametupa kadi na si fedha taslimu. Alisema hela mfukoni mwa kijana ina miguu, lakini kadi itatulazimisha kununua mahitaji: shuka, viatu, madaftari, sabuni. Watu walicheka, nasi tukacheka. Yeye mwenyewe anauza nyanya na vitunguu soko la Kilombero. Baadaye tulijua jinsi ile laki tatu ilivyopatikana: elfu mbili mbili, elfu tatu tatu, kila Jumamosi baada ya sala, tangu Kwaresima. Kuna mzee mmoja ambaye alikuwa akija na sarafu moja ya mia tano, ameishika kiganjani tangu mwanzo wa rozari hadi mwisho, ndipo anaitoa.

Tulirudi seminarini tukiwa matajiri.

Sasa tuungame sehemu yetu mapema, kabla hatujaanza kuwasema wengine. Kadi ile tuliiweka ndani ya kitabu cha masifu cha mmoja wetu, na kila jioni tuliiona. Tawi la ile supamaketi haliko Moshi, na ruhusa ya kutoka seminarini, kama wengi wenu mnavyojua, haifiki Arusha. Hiyo ni sababu ya kweli. Lakini katikati ya muhula kulikuwa na mapumziko ya siku tatu ambayo tungeweza kumtuma mtu mmoja, na hatukumtuma. Tulikuwa tunasubiri ofa za Krismasi. Tulishapiga hesabu kwamba bei zikishuka Desemba laki tatu itanunua vitu vya laki tatu na nusu. Tamaa hiyo ndogo ilituvusha tarehe.

Seminari ilifunga 17 Desemba. Tarehe 18 tulipanda Coaster asubuhi, kila mmoja na begi lake la likizo. Tulipita Boma Ng'ombe, KIA, Kikatiti, Usa River, tukisomeana orodha kama watoto wa darasa la kwanza. Saa nne na nusu tulikuwa mlangoni. Mlinzi alitazama mabegi yetu sita, akatutazama sisi, akasema tuyaache pembeni kwake na kwamba kikipotea kitu hahusiki. Tulishangaa kidogo: unaamriwa kuacha mali yako kwa mtu ambaye papo hapo anakwambia haitunzi. Tukaacha.

Ununuzi ulichukua saa nzima. Tulichagua shuka sita, kandambili, soksi, madaftari makubwa, rimu mbili za karatasi, dawa ya mswaki, sabuni za vipande, pasi moja ya umeme ya bweni, na mpira wa miguu ambao ulijadiliwa sana. Tulijumlisha kwenye simu ili tusizidi. Foleni ilikuwa ya wiki ya Krismasi. Keshia, binti wa umri wetu, alipitisha kitu kimoja kimoja, mashine ikalia, jumla ikasoma 298,500. Tukampa kadi. Akaipitisha. Akaifuta kwenye mkono wa sare yake, akaipitisha tena. Akasema, "Inakataa. Imeisha muda."

Tulimwambia haiwezekani, tulipewa Agosti. Akaipitisha mara ya tatu kwa ajili ya kuturidhisha tu. Nyuma yetu foleni ilianza kuguna. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kama hamna hela si mrudishe vitu?" Na hapo, ndugu msomaji, falsafa yote ilitutoka. Tulimwambia yule binti kwamba duka lao ni la wezi. Tulimwambia kama hajui kazi akae nyumbani. Hatutasema ni nani kati yetu aliyesema lipi, maana hakuna aliyemzuia mwenzake. Yeye hakujibu kwa hasira. Alisema, "Kaka, mimi mwenyewe sijawahi kupewa hiyo kadi na mtu. Nimeambiwa tu, ikikataa, imekataa." Kisha akamwita msimamizi aje na ufunguo wake kufuta bidhaa zote, na kwa sababu msimamizi hakuonekana kwa muda, binti akabaki amesimama, mikono juu ya shuka zetu, foleni nzima ikimtazama yeye na si sisi.

Tulielekezwa kaunta ya huduma kwa wateja. Kijana wa pale alikuwa na simu sikioni, akatuonyesha kidole tusubiri. Alipomaliza alisema mambo ya kadi si yake, twende kaunta ya mwisho. Kaunta ya mwisho ikasema turudi kwa huduma kwa wateja. Meneja alikuwa ametoka kula. Tulisimama saa moja na dakika arobaini chini ya bango lililoandikwa kwamba mteja ni mfalme. Hapakuwa na kiti. Inawezekana wafalme wa siku hizi hawakai.

Meneja alikuja, mtu wa heshima zake, amenyosha shati. Aligeuza kadi, akatuonyesha mgongoni, chini kabisa, mstari mmoja wa herufi ndogo kwa Kiingereza: kadi hutumika ndani ya miezi sita tangu siku ya kununuliwa. Siku yenyewe ya kununuliwa haikuandikwa popote kwenye kadi. Akaingia kwenye kompyuta akatuambia: ilinunuliwa 14 Juni. Imekufa 14 Desemba. Tulikuwa tumechelewa siku nne. Tukamwomba aifungue hata kwa saa moja. Akasema, "Ningependa, lakini mfumo haukubali." Tukamwomba atuonyeshe ni nani anayeweza kukubali. Akasema mfumo ndivyo ulivyo. Akaongeza kwamba kama tuna malalamiko tulete risiti ya manunuzi.

Tangu siku ile tumelifikiria sana hilo neno mfumo. Katika somo la maadili tunafundishwa kwamba tendo la kibinadamu lina mwenye nalo, mtu aliyejua na kutaka. Pale dukani tulitafuta mwenye nalo kwa saa nzima na hatukumpata. Keshia alimtaja msimamizi, msimamizi akamtaja meneja, meneja akautaja mfumo. Lakini mfumo hauwezi kuketi mezani na kuamua kwamba iwe miezi sita na si sita na wiki moja. Kuna mtu, mahali fulani, siku fulani, aliandika ile namba 6, akanywa chai akaenda nyumbani. Hata sisi seminarini tuna mazoea ya kusema "utaratibu ndivyo ulivyo", na tangu Desemba tunapolisema tunasita kidogo.

Usiku ule Baba Paroko alitupokea, akatupa vyumba, hakutuuliza maswali mengi. Tulikaa barazani tukabishana hadi saa sita.

Mmoja wetu aliitetea supamaketi, na aliitetea vizuri. Mkataba ni mkataba, alisema. Tarehe ilikuwepo, kadi ilikaa kwetu miezi mitatu na nusu, hakuna aliyegeuza mgongo wake asome. Biashara lazima ifunge vitabu vyake. Kwa nini tunadai huruma kwa uzembe wetu? Tulinyamaza, kwa sababu sehemu kubwa ya hayo ni kweli.

Mwenzetu mwingine, aliyesoma uhasibu kabla ya kusikia wito, akajibu kwa upande wa vitabu hivyohivyo. Duka linapopokea laki tatu na kutoa kadi, halijauza kitu bado. Katika hesabu zake ile laki tatu huandikwa kama deni: duka linadaiwa bidhaa za laki tatu. Lakini wenye maduka wanajua kwa uzoefu kwamba sehemu ya kadi hazitarudi kamwe. Nyingine hupotea, nyingine hufuliwa ndani ya suruali, nyingine hukaa ndani ya vitabu vya masifu. Kanuni za kimataifa za uhasibu, zile zinazoitwa IFRS 15, zinaruhusu kampuni yenye uzoefu huo kukadiria sehemu ambayo haitadaiwa na kuihesabu kama mapato kadiri kadi nyingine zinavyotumika. Wahasibu wana hata jina lake, lenye maana ya kuvunjika. Kwa hiyo, alisema mwenzetu, kusahau kwetu kulishaandikwa mahali kabla hatujasahau. Hakuna aliyecheka.

Mwaka huu tumemsoma Aristotle, kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, pale anapozungumzia haki katika kubadilishana. Anaiona fedha kama mdhamini. Leo hatuhitaji viatu. Tunauza mahindi yetu, tunapokea fedha, nayo inatudhamini kwamba siku tutakapohitaji viatu tutavipata. Anakiri kwamba thamani ya fedha hupanda na kushuka, lakini udhamini ndio kazi yake. Sasa angalia kadi. Mama mwekahazina alikwenda na noti ambazo zingekubaliwa na muuza samaki, fundi cherehani, daladala na sanduku la sadaka, leo na mwaka kesho. Akarudi na plastiki inayokubaliwa nyumba moja tu, kwa miezi sita tu. Alitoa kitu chenye nguvu zaidi akapewa chenye nguvu kidogo, na hakupunguziwa hata mia. Kama kweli kadi ya miezi sita ni sawa na laki tatu, duka lingekubali kulipa mishahara kwa kadi hizo.

Mtakatifu Thoma naye, katika Summa, anapouliza kuhusu udanganyifu wa kununua na kuuza, anasema kwamba kasoro ya bidhaa ikiwa imefichika na inaweza kumletea mnunuzi hasara, muuzaji anawajibika kuitaja. Ikiwa iko wazi machoni, halazimiki kuitaja, mradi apunguze bei inavyostahili. Hapo ndipo tulipokwama usiku ule. Je, mstari mmoja wa Kiingereza mgongoni mwa kadi ni kasoro iliyo wazi, au iliyofichika? Kwa mtu aliyesoma chuo iko wazi. Kwa mama ambaye alimaliza la saba na anaongea na wateja wake kwa Kiswahili tangu alfajiri hadi jioni, imefichwa kama vile ingeandikwa kwa Kigiriki. Na ndiye aliyeuziwa.

Mmoja akasema kila kitu kina tarehe ya kuisha, hata maziwa. Tukalishika hilo. Maziwa yanachacha kwa sababu iliyo ndani ya maziwa. Mkate unaota ukungu, dawa inapoteza nguvu, na tarehe iliyoandikwa juu ya pakiti inatutangazia tu jambo ambalo lingetokea hata bila tarehe. Ndani ya laki tatu kuna nini kinachochacha? Tumezoezwa na vifurushi vya simu vinavyokufa usiku wa manane hadi tunaona ni sheria ya maumbile, kama jua kuzama. Kumbe nchi nyingine zimekataa. Marekani ilitunga sheria mwaka 2009 kwamba fedha iliyo ndani ya kadi ya zawadi isiishe muda kabla ya miaka mitano. Ireland nayo iliweka miaka mitano mwaka 2019, na Australia mwaka huohuo ikaweka mitatu. Jimbo la Ontario, Kanada, liliondoa tarehe kabisa kwa kadi nyingi tangu 2007. Maduka ya huko hayakufungwa kwa sababu hiyo. Hapa kwetu tuna Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Tulikubaliana kuandika barua. Kwa kusema kweli, bado ni rasimu.

Lakini hayo yote yalikuwa mjadala, na sisi tunapenda mjadala kwa sababu unaahirisha mambo. Jambo lililokuwa limekaa katikati ya baraza, ambalo hakuna aliyetaka kuligusa, lilikuwa mama mwekahazina. Risiti ilikuwa kwake. Na risiti au bila risiti, siku moja angetuuliza, "Wanangu, mlinunua nini?"

Wazo lilikuja, na tunakiri lilikuwa tamu. Laki tatu gawanya kwa sita ni elfu hamsini. Kila mmoja aombe nyumbani, akope kwa kaka, tununue zile shuka na ule mpira kwa hela zetu, tupige picha, tuitume kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: asanteni sana wazazi wetu. Hakuna anayeumia. Tulikuwa karibu kukubaliana. Wawili walishaanza kuhesabu nani anaweza kupata lini. Ndipo yule aliyekuwa akiitetea supamaketi akasema, "Yaani dukani tupeleke laki tatu ya pili, na kwa mama tupeleke uongo." Tulikwenda kulala bila sala ya pamoja, kila mtu na yake.

Asubuhi tulikwenda Kilombero. Tulimkuta anapanga nyanya mafungu. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, Tumsifu Yesu Kristo! Mmekua wanene." Tulimweleza palepale, tumesimama, watu wakipita na viroba. Alitusikiliza huku akimhudumia mteja. Alimrudishia chenji yake, akahesabu mara mbili, kisha akatugeukia.

"Siku nne?"

"Siku nne, mama."

"Jana mlikuwa mjini?"

"Tulikuwepo."

"Kwa nini hamkuja jana?"

Tukasema tuliona aibu. "Aibu ya nini? Mliiba nyie?" Akatazama mafungu yake. "Mimi hizi zikifika Jumapili natupa. Nyanya inaoza. Sasa hela nayo imeozaje?" Tulitazamana. Tuliifikia hoja hiyo saa tano usiku, tukiwa na Aristotle na Mtakatifu Thoma kutusaidia.

Alimwachia jirani genge lake, tukafuatana naye nyumbani. Risiti ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na daftari la jumuiya. Karatasi ile ya mashine ya EFD ilikuwa imefifia karibu kuwa nyeupe tupu, unaona vivuli vya namba tu. Tukakata tamaa. Mama akafungua daftari, akatoa karatasi nyingine iliyokunjwa vizuri. Siku ileile aliyonunua kadi alipitia duka la vifaa vya ofisini akatoa kivuli, kwa sababu yeye ni mwekahazina na hela ni ya watu. Tulipitisha macho kwenye kurasa za lile daftari. Majina, tarehe, elfu mbili, elfu mbili, mia tano, mia tano, mia tano. Pembeni, kurasa za nyuma, kulikuwa na orodha ya wanaodaiwa na genge lake mwenyewe. Mmoja alikuwa na deni la miaka miwili iliyopita, halijafutwa, na jina la yule mtu tunalijua: anasali naye kila Jumamosi. Deni lipo, na mtu bado ni jirani. Tulishangaa kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja.

Alivaa kitenge chake cha WAWATA, akampitia mwenyekiti wa jumuiya na mama mwingine mmoja, tukaenda. Sisi sita nyuma kama vifaranga.

Tulitegemea atagomba, na kusema kweli tulikuwa tunalitamani hilo. Hakupaza sauti hata mara moja. Alimsalimia mlinzi, akamsalimia kijana wa huduma kwa wateja, akauliza meneja yuko wapi, na alipoambiwa asubiri akaomba kiti. Kiti kikatafutwa. Meneja alipofika alimwamkia, akarudia maneno ya jana. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mwanangu, hela yetu iko wapi? Sisi tuliileta hapa, hii hapa karatasi yake. Vitu hatujachukua. Tuonyeshe tu ilipokwenda."

Meneja akasema ni suala la mfumo.

"Sawa. Huo mfumo mwite basi, tuzungumze naye."

Wateja waliokuwa karibu walicheka, na meneja naye, kwa heshima yake, alishindwa kujizuia. Akaomba dakika chache akapige simu. Zilikuwa ishirini na kitu. Aliporudi alisema makao makuu wamekubali, kwa hisani ya msimu wa sikukuu, kuifungua kadi kwa siku ile tu hadi saa ya kufunga duka. Sisi sita, bila kupangana, tulianza kushukuru kwa pamoja. Mama akatunyamazisha kwa mkono. "Nakushukuru kwa kupiga simu," alimwambia. "Hiyo umenisaidia. Lakini hisani ingekuwa umenipa cha kwako."

Tuliporudi seminarini Januari tulimsimulia mlezi wetu, naye akatupeleka maktaba kwenye hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya utume wa walei, namba ya nane, inayoonya kwamba lililo wajibu wa haki lisitolewe kana kwamba ni zawadi ya upendo. Hati hiyo ni ya mwaka 1965. Tulikuwa tumeipita mwaka wa kwanza, mtihani ulikuja, tukafaulu.

Tulikusanya vitu vyetu upya. Pasi ya jana ilikuwa imekwisha, tukachukua nyingine ya bei ileile. Kwenye foleni tulimwona yule binti, kaunta namba nne, na tungeweza kwenda kaunta ya pili iliyokuwa na watu wachache. Tulikwenda kwake. Tulipofika tulisema, "Dada, jana tulikukosea. Tulikutukana bure. Tunaomba utusamehe." Alitutazama mmoja mmoja, akaanza kupitisha shuka. "Yameisha, kaka." Akapitisha soksi. Kisha akasema taratibu, bila kuinua macho, "Jana mlivyoondoka nilisemwa mbele ya wenzangu. Nimeambiwa nimeshindwa kuwatuliza wateja." Hatukuwa na la kusema. Tulidhani tunamtukana mfumo, kumbe pale kaunta namba nne alikuwepo mtu mmoja tu wa kuyapokea maneno yetu. Mama mwekahazina aliyasikia yote. Alitutazama mara moja tu, na hakutusaidia.

Jumla ikasoma 298,500, kama jana. Kadi ikapita. Binti akasema imebaki 1,500 na kwamba salio halirudishwi kwa fedha. Kadi ikifungwa leo ndiyo basi. Sisi tulikuwa tumeshabeba mifuko, tunataka kuondoka mahali pale haraka iwezekanavyo. Mama akamwomba binti asifunge hesabu. Akawaomba radhi watu wa nyuma. Akaingia kwenye rafu, akachukua muda wake, tukamwona akigeuza pakiti na kusoma bei, akirudisha moja na kuchukua nyingine. Alirudi na pakiti mbili za chumvi na kifungu cha viberiti, akaviweka mbele ya binti.

"Piga na hivi."

Mashine ikalia. Ikasoma laki tatu kamili. Binti akacheka kwa mara ya kwanza, akauliza kama tunaihitaji kadi au aitupe. Mama aliichukua, akaikunjia ndani ya kile kivuli cha risiti, akaitia kwenye mkoba, akasema Jumamosi ataipeleka jumuiya ili yule mzee wa mia tano aione.